Mrejesho wa Video katika Ufundishaji wa Isimu ya Kiswahili Chuoni: Nafasi ya Vionyeshi na Mfuatano wa Hatua

Ikisiri

Makala haya yanachunguza matumizi ya mrejesho wa video, yaani maoni ya mwalimu kuhusu kazi ya mwanafunzi yaliyorekodiwa kwa sauti na picha, katika ufundishaji wa isimu ya Kiswahili vyuoni. Hoja kuu ni kwamba manufaa ya mrejesho huu hayatokani hasa na kuonekana kwa sura ya mwalimu. Yanatokana na mambo mawili yenye msingi wa kiisimu: uwezo wa kutumia vionyeshi ambavyo kirejelewa chake ni dhahiri, na uwezo wa kuonyesha hatua za uchanganuzi kwa mfuatano wake. Kwa kutumia mifano ya mofolojia na sintaksia ya Kiswahili, makala yanabainisha makosa yanayostahili video, yanayotoshwa na sauti peke yake, na yanayopaswa kubaki katika maandishi.

1.0 Utangulizi

Kila muhula mhadhiri wa isimu hupokea rundo la kazi za tathmini endelevu, huzisoma, huzitia alama na kuandika maoni pambizoni. Mwanafunzi huipokea kazi yake, huitazama alama, na mara nyingi huishia hapo. Katika mtihani wa mwisho kosa lilelile hujitokeza tena. Hapo swali huwa kama mwanafunzi hakujali, au kama maoni aliyoandikiwa hayakumwezesha kufanya lolote.

Sadler (1989) anaeleza kwamba mrejesho haukamiliki mpaka masharti matatu yatimie: mwanafunzi akifahamu kiwango kinachotakiwa, aweze kuilinganisha kazi yake na kiwango hicho, na achukue hatua ya kuziba pengo lililopo. Hattie na Timperley (2007) nao wanasema kuwa mrejesho wenye manufaa hujibu maswali matatu: mwanafunzi anakwenda wapi, amefika wapi, na hatua inayofuata ni ipi. Kwa mujibu wa maelezo hayo, alama peke yake si mrejesho kamili, kwa kuwa inajibu swali la pili tu, tena kwa ufupi mno.

Aidha, haifai kudhani kwamba kila mrejesho huleta faida. Kluger na DeNisi (1996) walikusanya matokeo 607 ya tafiti za aina hii wakaona kuwa, ingawa kwa wastani mrejesho huinua utendaji, katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo hayo utendaji ulishuka. Maelezo yao ni kwamba nguvu ya mrejesho hupungua kadiri unavyoelekeza fikira za mtu kwenye nafsi yake badala ya kwenye kazi yenyewe. Tokeo hili ni muhimu kwa mjadala wa video, kwa sababu video ni chombo chenye uwezo wa kufanya yote mawili.

2.0 Maoni ya Pambizoni na Mipaka Yake

Sommers (1982), aliyechunguza maoni ya walimu wa uandishi katika vyuo vya Marekani, alionyesha kwamba mengi kati ya maoni hayo hayakufungamana na matini ya mwanafunzi. Yangeweza kung'olewa kwenye insha moja na kubandikwa kwenye nyingine bila mtu kutambua. Hali hiyo si ngeni katika vyuo vya Afrika Mashariki. Tuchukue maoni yafuatayo, ambayo ni ya kawaida katika kazi zilizosahihishwa:

(1) Fafanua.
(2) Sivyo. Tofautisha.
(3) Ungefafanua hapa.
(4) Kwa nini?

Kwa kuzingatia nadharia ya vitendo-uneni iliyoasisiwa na Austin (1962) na kuendelezwa na Searle (1969), kila mojawapo ya maoni haya ni tendo ambalo nguvu yake haijawa wazi. Mfano (1) una umbo la amri, lakini haujulikani kama ni amri, ushauri au lawama. Mfano (3) una kiambishi -nge-, hivyo unaweza kusomwa kama ushauri wa upole au kama majuto juu ya jambo ambalo wakati wake umekwisha kupita. Mfano (4) una umbo la swali, lakini huenda mwalimu haulizi, anakanusha. Katika mazungumzo ya ana kwa ana, kiimbo na uso wa msemaji vingetatua utata huo. Pambizoni havipo.

Upungufu wa pili ni wa nafasi. Pambizo ni finyu, na ufinyu wake humlazimisha mwalimu kutaja jina la kosa bila kuonyesha jinsi lilivyotokea. Neno "Tofautisha" katika mfano (2) linamwambia mwanafunzi kwamba kuna vitu viwili alivyovichanganya. Halimwambii ni vitu gani, wala ni kipimo gani angekitumia kuvitenganisha.

3.0 Kutoka Kaseti hadi Skrini

Wazo la kutoa maoni kwa sauti si jipya. Katika enzi za kaseti walikuwapo walimu waliorekodi maoni yao kwenye tepu na kumkabidhi mwanafunzi tepu hiyo pamoja na insha. Ice na wenzake (2007) walipochunguza maoni ya sauti katika masomo ya mtandaoni waliona kuwa wanafunzi waliyapokea vizuri kuliko ya maandishi. Katika miaka hiyohiyo, huko Uingereza, Russell Stannard alieneza mbinu ya kurekodi skrini ya kompyuta: insha inakuwa wazi mbele ya mwalimu, naye anasema huku akipitisha kishale juu ya maneno anayoyazungumzia, na mwanafunzi hupata sauti na picha hiyo kwa pamoja.

Aina nyingine ni ile inayomwonyesha mwalimu mwenyewe akizungumza mbele ya kamera. Henderson na Phillips (2015) waliichunguza aina hiyo nchini Australia. Wanafunzi walisema kwamba waliyaona maoni hayo kuwa yanawahusu wao binafsi na yenye kuonyesha kujali. Hata hivyo, baadhi yao walikuwa na wasiwasi kabla ya kuitazama video, na wengine walipata ugumu wa kuoanisha yaliyosemwa na sehemu husika za kazi zao.

Tofauti kati ya aina hizi mbili ndiyo kiini cha makala haya. Video ya sura inaleta ukaribu, lakini inaiacha kazi ya mwanafunzi nje ya picha. Video ya skrini inaileta kazi yenyewe, na inaweza kumficha mwalimu. Iwapo mhadhiri analazimika kuchagua mojawapo, isimu ina jambo la kumwambia.

4.0 Vionyeshi na Kirejelewa Chake

Kiswahili kina seti tatu za vionyeshi: cha karibu (hiki, huyu, hii), cha kitu kilichokwisha kutajwa au kilicho karibu na msikilizaji (hicho, huyo, hiyo), na cha mbali (kile, yule, ile). Maana ya kionyeshi haikamiliki bila muktadha. Asemaye "hiki" sharti awe na kitu ambacho msikilizaji anakiona au anakikumbuka.

Ilivyo kawaida, upatanisho wa ngeli humsaidia msikilizaji kupunguza idadi ya virejelewa vinavyowezekana. Mtu akisema "hiki" mezani penye kitabu, kalamu na karatasi, ni kitabu pekee kinachokubaliana na kionyeshi hicho. Lakini katika isimu ya Kiswahili msaada huo hupotea kwa sehemu kubwa, kwa sababu istilahi za msingi za taaluma zimerundikana katika ngeli moja ya KI-VI: kiambishi, kitenzi, kielezi, kivumishi, kiwakilishi, kiunganishi, kirai, kishazi, kiima, kiarifu. Tutazame sentensi hii ambayo mwalimu angeweza kuisema katika maoni ya sauti bila picha:

(5) Hiki hakiwezi kuwa hicho ulichosema, kwa sababu hakitegemei kile cha mwanzo.

Sentensi (5) ni sahihi kisarufi, na kwa mwalimu mwenye kazi mbele ya macho yake ina maana kamili. Kwa mwanafunzi anayesikiliza kupitia simu akiwa ndani ya daladala, "hiki" yaweza kuwa kiambishi, kirai au kishazi. Ili aeleweke, mwalimu analazimika kusema "katika ukurasa wa tatu, aya ya pili, sentensi inayoanza na neno fulani". Muda mwingi wa rekodi huishia katika kuelekeza njia.

Video ya skrini huondoa mzigo huo, kwani kishale kinafanya kazi ambayo kidole hufanya darasani. Mwalimu anasema "hiki", na kishale kimesimama juu ya kiambishi kinachohusika. Faida hii haipatikani kwa video ya sura, na ugumu wa kuoanisha walioutaja wanafunzi wa Australia unaweza kuelezwa kwa msingi huo: walipewa sauti na uso, wakanyimwa kirejelewa.

5.0 Mfuatano wa Hatua

Faida ya pili ya video inahusu muda. Maandishi huonyesha matokeo ya kufikiri. Video huweza kuonyesha kufikiri kwenyewe hatua kwa hatua. Si kila kosa linahitaji jambo hilo. Mwanafunzi akiandika "mwarimu" badala ya "mwalimu", kalamu ikipita chini ya herufi moja inatosha. Yapo makosa, hata hivyo, ambayo chanzo chake ni utaratibu mbovu wa uchanganuzi, na kuyataja hakuyatibu.

Chukulia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyeandika kwamba -ki- katika "anakisoma" na -ki- katika "akisoma" ni mofimu moja, kwa hoja kwamba umbo ni lilelile. Maoni "Sivyo. Tofautisha" ni ya kweli, lakini hayamfundishi kitu. Katika video ya dakika tatu mwalimu anaweza kuandika jozi zifuatazo moja baada ya nyingine mbele ya macho ya mwanafunzi:

(6) a. Anakisoma kitabu.
    b. Anavisoma vitabu.
(7) a. Akisoma kitabu, ataelewa.
    b. Akisoma vitabu, ataelewa.

Katika (6), nomino inapobadilika kutoka umoja kwenda wingi, -ki- nayo inabadilika kuwa -vi-. Katika (7) nomino inabadilika vilevile, lakini -ki- inabaki kama ilivyo. Hivyo ya kwanza inapatana na yambwa, na ya pili haina uhusiano na ngeli ya nomino hiyo. Kisha mwalimu anaongeza sentensi ya tatu:

(8) Akikisoma kitabu hicho, ataelewa.

Hapa -ki- mbili zimekaa pamoja katika kitenzi kimoja, a-ki-ki-som-a, kila moja katika nafasi yake: ya masharti ikifuata kiambishi cha nafsi, na ya yambwa ikitangulia mzizi. Kama zingekuwa mofimu moja, kurudiwa huku kusingekuwa na maelezo. Kwa njia hii mwanafunzi anapata kipimo cha uambatanishi na ubadilishanaji anachoweza kukitumia kesho katika data nyingine. Hilo ndilo sharti la tatu la Sadler, yaani kuchukua hatua.

Mfano wa pili unatoka katika sintaksia. Kirai "walimu na wanafunzi wa Dodoma" kina utata, kwa kuwa "wa Dodoma" yaweza kufafanua wanafunzi pekee, au walimu na wanafunzi kwa pamoja. Upatanisho wa "wa" hauutatui utata huo, maana nomino zote mbili zimo katika ngeli ya A-WA. Mwanafunzi aliyechora mchoro matawi mmoja tu anaweza kuandikiwa "Kuna maana nyingine", akakubali, na bado asijue tawi la pili lichomoze wapi. Mwalimu akiuchora mchoro wa pili huku akieleza kwa nini tawi la "wa Dodoma" limepandishwa juu ya kiunganishi, uhusiano wa umbo na maana unaonekana unavyojengwa.

Ni kweli kwamba hatua hizi zingeweza kuandikwa pia, kama zilivyoandikwa katika makala haya. Lakini mhadhiri mwenye wanafunzi wengi hawezi kumwandikia kila mmoja aya tatu zenye mifano. Kusema na kuonyesha ni kwepesi zaidi kuliko kuandika, na wepesi huo ndio unaofanya maelezo kamili yawezekane.

6.0 Kiimbo, Adabu na Hatari ya Ulaini

Sauti ina faida zake hata bila picha. Katika fonolojia, tofauti ya mkazo kati ya "barabara" yenye maana ya njia na "barabara" yenye maana ya sawasawa husikika mara moja, ilhali katika tahajia ya kawaida haionekani. Vivyo hivyo, kiimbo huonyesha kama "Kwa nini?" ni swali la kweli au ni kanusho.

Pamoja na hayo, lugha ya mazungumzo ina adabu zake. Msemaji wa Kiswahili anapomkosoa mtu kwa mdomo, hasa mtu asiyeweza kumjibu papo hapo, huelekea kulainisha kauli:

(9) Kazi ni nzuri, ila hapa labda ungetazama tena kidogo.

Sentensi (9) ina vilainishi vitatu, yaani "labda", -nge- na "kidogo", tena imetanguliwa na sifa. Mwalimu anajua kwamba amesema uchanganuzi si sahihi. Mwanafunzi anaweza kuondoka na ujumbe kwamba kazi ni nzuri. Alama ikija kuwa ya chini, atadhani ameonewa. Brown na Levinson (1987) wanaeleza kwamba adabu ya namna hii hulinda hadhi ya msikilizaji. Katika tathmini, ulinzi huo ukizidi humficha mwanafunzi jambo analostahili kulijua.

Suluhisho si kuacha adabu. Ni kutenganisha hukumu na maelezo. Hukumu itolewe kwa kauli isiyo na kilainishi: "Uchanganuzi wa sentensi ya pili si sahihi." Maelezo yafuate kwa lugha ya ushirikiano: "Hebu tuitazame pamoja." Nafsi ya kwanza wingi katika "tuitazame" huelekeza fikira kwenye kazi iliyo mbele ya wote wawili, na hivyo kupunguza hatari waliyoionya Kluger na DeNisi.

7.0 Gharama na Haki

Mapendekezo yoyote ya ufundishaji sharti yapimwe kwa mazingira. Darasa likiwa na wanafunzi 120, na kila mmoja akarekodiwa dakika 5, mwalimu atazungumza kwa dakika 600, sawa na saa 10, bila kuhesabu muda wa kusoma kazi zenyewe. Kwa hiyo video kwa kila mwanafunzi na kwa kila kazi haiwezekani katika madarasa makubwa.

Gharama ya data nayo si ndogo. Video ya dakika 5 iliyorekodiwa kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde ina ukubwa wa takriban megabaiti 37.5, sauti peke yake kwa kilobiti 32 kwa sekunde ni megabaiti 1.2 tu. Mwanafunzi anayenunua bando kwa fedha ya mfukoni huiona tofauti hiyo waziwazi. Kwa wanafunzi wanaosoma kwa masafa, kama wale wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilichoanzishwa mwaka 1992, faida na gharama hukutana mahali pamoja: wao ndio wasioweza kubisha hodi ofisini kwa mwalimu, na baadhi yao ndio walio mbali zaidi na mtandao wenye kasi.

Jambo la tatu ni usawa. Video inayotegemea "hiki" na kishale haimfikii mwanafunzi asiyeona, na ile isiyo na maandishi haimfikii asiyesikia. Mwalimu anayejua hivyo atataja kirejelewa kwa jina kila anapokionyesha: "kiambishi hiki, -ki- ya pili". Kwa kufanya hivyo atakuwa pia amemsaidia anayesikiliza bila kutazama.

Jambo la nne ni faragha. Rekodi yenye jina la mwanafunzi, kazi yake na sauti ya mwalimu ni taarifa binafsi, nayo husambaa kwa wepesi kupitia simu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Inafaa idara ziwe na utaratibu unaoeleza rekodi zitumwe kwa njia gani, zihifadhiwe kwa muda gani, na nani anaruhusiwa kuzitazama.

8.0 Mapendekezo

Kutokana na mjadala huu, mgawanyo ufuatao unapendekezwa:

(a) Makosa ya tahajia, uakifishaji na urejeleaji yabaki katika maandishi. Mwanafunzi huyahitaji mahali pake, na ayaone kwa mara moja.

(b) Masuala ya matamshi, mkazo na kiimbo yatolewe kwa sauti.

(c) Makosa ya utaratibu wa uchanganuzi, kama kutenga mofimu, kuchora matawi au kujenga hoja kutokana na data, yatolewe kwa video ya skrini yenye kishale.

(d) Kosa la namna hiyo likijirudia katika kazi nyingi, irekodiwe video moja kwa darasa zima kwa kutumia data iliyotungwa na mwalimu, ili kazi ya mwanafunzi yeyote isianikwe.

(e) Kila rekodi iambatane na sentensi mbili au tatu za maandishi zenye hukumu na hatua inayofuata. Maandishi hayo ndiyo yatakayosomwa na mtahini wa nje, na ndiyo yatakayorejelewa mwanafunzi akikata rufaa.

(f) Baada ya kutazama, mwanafunzi aandike upya sehemu iliyokosewa. Bila hatua hiyo, hakuna njia ya kujua kama mrejesho umefika.

Mgawanyo huu unapunguza pia mzigo wa muda. Katika darasa la watu 120, iwapo makosa makubwa ya utaratibu ni manne, video nne za dakika 5 ni dakika 20. Muda unaosalia unaweza kuelekezwa kwa wanafunzi wachache ambao matatizo yao ni ya pekee.

9.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mjadala wa mrejesho wa video hauwezi kuachiwa wataalamu wa teknolojia ya elimu peke yao. Maswali yake ya msingi ni ya kiisimu: kionyeshi kinarejelea nini, tendo-uneni lina nguvu gani, na kilainishi kinaficha nini. Iwapo kishale kipo juu ya mofimu inayohusika na hatua zinafuatana wazi, video ya dakika tatu iliyorekodiwa katika ofisi yenye kelele inaweza kumfikisha mwanafunzi mahali ambapo neno "Tofautisha" halikumfikisha. Uchunguzi zaidi unahitajika juu ya namna wanafunzi wa Kiswahili wanavyofasiri vilainishi katika maoni ya mdomo, na juu ya kiasi ambacho kazi zao za pili hutofautiana na za kwanza baada ya kupata aina mbalimbali za mrejesho. Data ya uchunguzi huo tayari imo katika marundo ya kazi yaliyo mezani kwa kila mhadhiri.